Minyoo Saba ya Zongwe

Ninyi wa meza ya kete za dame nyuma ya gare ya treni, muliniuliza mara tatu safari ilikuwa namna gani, na mara tatu nikawajibu, "Muzuri, upepo tu." Haikuwa upepo. Kwa mudomo siwezi kuwaambia, kwa sababu mutacheka pahali pa kwanza, nami nitacheka pamoja nanyi, kisha sitafika pahali pa pili. Njo maana naandika katika kaye hii ya shule, mumoja asomee wengine.

Kifupi chake ni hiki: nilikwenda kutafuta munyoo chini ya mawe, na kwa ajili ya munyoo huo muke wa wenyewe alifukuzwa nyumbani kwake kwa kosa langu, na alipohukumiwa mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Sasa nianze toka mwanzo. Nitajaribu nisijipendelee, lakini sina hakika kama muntu anaweza.

Kalemie: munyoo wenyewe

Munajua kazi yangu. Ninaosha chupa katika biro ya utafiti wa maji, mwaka wa kumi na moja huu. Sikusoma mambo yao. Shule niliacha mwaka wa pili wa sekondari. Lakini ukiosha chupa za wenye akili muda murefu, kidogo kinakuingia. Mama Docta, mukubwa wetu, aliteguka muguu kwenye ngazi, na safari yake ya Zongwe na Moba ikaniangukia mimi.

Munyoo wake ni bapa kama ukucha, murefu kama punje mbili za muchele zilizofuatana, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Kichwa kina pembe mbili fupi na macho mawili meusi yaliyokaribiana, hata ukiutazama kwa lupu, kioo cha kukuza, unaona kama unakushangaa. Hauna damu, hauna mapafu, hauna mufupa. Kinywa hakiko kichwani. Kiko katikati ya tumbo. Ukitaka kula, unatoa bomba jeupe pale tumboni, unalichomeka katika nyama, unavuta. Tundu la kutolea hauna. Mabaki unayarudisha kwa kinywa hicho hicho. Kila mumoja ni dume na ni jike kwa wakati mumoja. Na hautembei, unateleza juu ya ute wake wenyewe, kama machozi juu ya kioo. Ukiukata vipande viwili, baada ya wiki kadhaa una minyoo miwili. Hilo nililiona kwa macho yangu katika sahani ya biro, nisingeliona nisingewaandikia.

Unaishi chini ya mawe, karibu na pwani, pale maji ni safi na mwanga haufiki. Matope hauyataki. Mudomoni mwa muto Lukuga hauko, lakini mawe yaliyo chini ya muji wetu yanao. Kusini hakuna aliyejua.

"Wavuvi wanasema Zongwe uko," Mama Docta aliniambia. "Wanauita ulimi wa jiwe. Lakini maneno ya wavuvi siwezi kuyatia kwenye ramani. Nataka munyoo wenyewe ndani ya chupa, ndani ya bokali."

Akanifundisha. Kwanza geuza mawe. Ukikosa, tega: kipande cha maini mabichi, bila chumvi, kifungwe kwa kamba na kusukumwa chini ya jiwe. Uache usiku wote, utoe asubuhi. Ukiipata, iache itulie katika maji kidogo mupaka ijinyooshe, ndipo umwage alkoli. Ukiharakisha inajikunja kama kipande cha ngozi motoni, na haifai tena.

"Na nikikosa kabisa, Mama Docta?"

"Andika hakuna. Hakuna ni jibu, Papa Kalunga. Usione haya kuniletea hakuna."

Alisema hivyo wazi, na nilisikia. Lakini kuna jambo jingine alilolisema akiwa anaandika karatasi ndogo za kubandika juu ya bokali. Kila karatasi ina pahali, siku, na mustari wa mwisho: mwokotaji. "Hapo utatia jina lako," akasema. Miaka yote hiyo ninaosha chupa zenye majina ya watu. Nilikwenda nyumbani nikiwa na karatasi hizo mufukoni, na nilizitoa kuziangalia mara nyingi kuliko ninavyotaka kuwaambia.

Kutoka Kalemie hadi Zongwe: boti na maini

Boti ilitakiwa kuondoka asubuhi. Ilingoja saruji. Saruji ikaja, ikangoja sukari. Siku mbili tulikaa juu ya muchanga karibu na mizigo yetu, na maini yangu ya ng'ombe yalikuwa ndani ya ndoo yenye barafu. Siku ya kwanza barafu ilikuwa maji. Siku ya pili, mama mumoja muuza sabuni, munene, mwenye sauti ya kanisani, akahamisha kitambaa chake mita kumi.

"Papa, umebeba maiti?"

"Ni maini, Mama. Ni ya munyoo."

"Munyoo uko tumboni mwako?"

"Apana. Uko ziwani. Ninakwenda kuutafuta."

Akawaita wengine. "Mukuje musikie! Papa huyu anapelekea minyoo ya Zongwe chakula. Watu wa Kalemie wamemukosea nini?"

Nikajaribu kueleza. Niliposema kwamba munyoo unakula na kutoa kwa kinywa kimoja, walicheka mupaka kapteni akaja kuona.

"Kama jirani yangu," mama yule akasema. "Yeye pia kinachoingia na kinachotoka ni mulango mumoja."

Nami nilicheka. Lakini kulikuwa na muzee wa Moba, muntu wa kimya, kofia ya sufu kichwani. Yeye hakucheka. Akaniuliza polepole: "Unatia nyama ndani ya maji usiku, asubuhi unaangalia ni nini imekuja kula?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi usimwambie muntu kule unakokwenda." Akageuka upande mwingine.

Neno hilo liliniingia. Ninyi munajua watu wa ziwa wanavyomwita anayelisha kitu kilicho majini: muchawi. Sitaki kumutupia muzee yule kosa langu. Alinishauri kwa wema. Lakini toka pale niliogopa.

Tuliondoka siku ya tatu. Upepo wa kusini ukatupiga, tukajificha kwenye kijipwani kisicho na jina, tukasonga bukari, tukaila na ndagala waliokaushwa, kila muntu akichangia alichokuwa nacho. Mama wa sabuni alinipa pilipili yake. Kapteni akanusa ndoo yangu, akaangalia watoto waliokuwa wakitapika, akasema, "Papa, ni ile ndoo ama ni wewe." Nikamwaga maini ziwani. Kambale fulani alikula vizuri siku ile.

Zongwe: mugeni wa Papa Mwange

Kapteni alinipeleka kwa Papa Mwange, mwenye nyavu, kwa sababu kwake wageni wote hulala. Ni muntu murefu, mupole, anayeongea kama anayehesabu. Muke wake ni Mama Anastazia. Mutoto wao Donati alikuwa kambini kwa wavuvi, na nyumbani alibaki muke wake Donati, Faila, aliyeolewa hata mwaka haujaisha. Walimutoa Katanika, kule karibu na Kalemie, kwenye mahema ya waliokimbia vita. Mambo hayo alinieleza Mama Anastazia mwenyewe, kwa furaha, na niseme ukweli wake: alinionyesha kitenge alichomununulia, na akasema, "Huyu mutoto ana mikono ya kazi."

Asubuhi yote niligeuza mawe. Nguo zilinilowa mupaka kifua. Nilipata konokono, kaa wadogo, mayai ya samaki, na munyoo hata mumoja apana. Mvuvi mumoja akaniambia, "Iko, Papa, lakini msimu huu inakwenda chini." Mutego njo ulikuwa unahitajika, na maini yangu yalikuwa tumboni mwa kambale.

Saa tano hivi nikarudi. Papa Mwange alikuwa amenichinjia jogoo. Nilipita nyuma ya nyumba, upande wa jiko, na Faila hakuwepo. Alikuwa ameshuka kuchota maji. Kuku alikuwa kwenye beseni, ameoshwa. Pembeni, katika sahani iliyofunikwa na kifuniko cha sufuria, kulikuwa na maini na firigisi, vimeshikana kwa utando wao.

Ningeweza kuomba. Nimefikiri juu ya hilo kila siku toka siku ile. Ningemungoja Faila, ningesema, "Mama, nipe maini mabichi, ni ya kazi." Lakini nilimukumbuka muzee wa kofia ya sufu. Nikaona watu wakisema, mugeni wa Mwange analisha ziwa. Na nikaona karatasi ya bokali, mustari wa mwisho, tupu. Nilitaka maini tu. Utando haukukatika upesi, nikachukua vyote, nikavifunga katika jani la mugomba, nikashuka kwenye mawe kwa njia ya nyuma. Haikuchukua muda wa Baba Yetu mumoja.

Siwezi kusema sikujua desturi. Sisi watu wa muji, wa cité, tunakula kuku wa karto waliogandishwa, mapaja bila tumbo, na firigisi tunaisahau. Lakini kusahau si kutojua. Munajua wote: firigisi inawekwa mbele ya mugeni. Mugeni anaikata, nusu anamurudishia mwenye nyumba, na hapo mumekuwa ndugu. Mwanamuke haigusi. Wa zamani wanasema muke anayekula firigisi jikoni amekwisha kumwonyesha bwana yake kwamba si kitu.

Tulikaa kula saa saba, chini ya kibanda cha nyavu. Bukari, sombe ya majani ya muhogo, jogoo katika muchuzi wa mawese. Majirani wawili walialikwa, na wake zao walikaa pembeni. Papa Mwange akashika kijiko, akatafuta katika bakuli. Akatafuta tena. Nikaanza kuelewa.

"Firigisi ya mugeni iko wapi?" akauliza, polepole tu.

Mama Anastazia akasimama. "Faila! Kuja hapa!"

Faila akaja, akapiga magoti. Ni mwembamba, ana kovu dogo juu ya jicho.

"Firigisi iko wapi?"

"Niliiweka kwenye sahani pamoja na maini, Mama. Niliporudi na maji haikuwepo."

"Haikuwepo. Ilitembea?"

"Pengine paka, Mama."

"Paka gani? Tuko na paka hapa?"

Muke wa jirani akasema kutoka pembeni, na sauti yake ilikuwa tamu kabisa: "Mama Anastazia, yuko. Paka wa Katanika, ana miguu miwili!"

Watu wakacheka. Hata muntu mumoja akajipiga paja. Mama Anastazia hakucheka. Macho yake yalijaa maji, na nadhani alikuwa na haya mbele yangu kuliko alivyokuwa na hasira. "Tulimutoa kule amekonda kama ufito," akasema. "Nikasema, atakula, njaa itakwisha. Kumbe njaa ya Katanika haiishi."

"Sikuila, Mama."

"Nani aliila basi? Mugeni?"

Wakacheka tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu hilo halikuwezekana.

Faila akainua kichwa akaniangalia. Mara moja tu. Nilidhani ananiomba nimutetee, kama vile muntu anavyomwangalia padiri. Nami nilikuwa na paja la jogoo mukononi.

Papa Mwange akanigeukia. "Mugeni wangu, utusamehe. Nyumba yangu imekutia haya."

Na mimi nikajibu, kwa sauti nzuri, "Hakuna neno, Papa."

Munaelewa? Niliombwa musamaha, na nikautoa.

Asubuhi nilivuta kamba. Minyoo saba ilikuwa imeng'ang'ania nyama, na bomba zake nyeupe ziko ndani. Niliitia katika maji, nikangoja ijinyooshe, nikamwaga alkoli vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa. Nikaandika: Zongwe. Mwokotaji: Kalunga. Kisha boti ikaja na nikaondoka, Papa Mwange akinishika mukono kwa mikono miwili.

Moba: hakuna

Njiani nilijiambia ni neno la jikoni, linakwisha kabla ya Jumapili. Siku nzima nilijiambia hivyo.

Moba nililala siku nne pale bandarini, kwa familia ya Wakatoliki waliokuwa wakisali kabla ya kila kitu, hata kabla ya kuwasha moto wa asubuhi. Waliposali mbele ya maharagwe, baba wa nyumba akaniomba mimi mugeni nimalizie. Nikasahau Salamu Maria katikati. Walidhani mimi ni muprotestanti, na wakawa wakarimu zaidi, wakanipa ndizi.

Niligeuza mawe siku tatu. Nilitega mara mbili, kwa maini ya mbuzi niliyoyaomba mbele ya watu wote. Niliomba tu, wakanipa. Mutoto mumoja akauliza ni ya nini, nikamwambia ni ya munyoo, akasema "Aa," akaendelea kucheza. Basi.

Hakukuwa na kitu. Muto unamwaga udongo mwingi pale, mawe yamevaa matope. Nikaandika: Moba, hakuna. Lilikuwa neno moja, na sikupungukiwa na kitu nilipoliandika. Nilikaa na kalamu mukononi muda murefu nikiliangalia.

Zongwe, wakati wa kurudi

Boti iliposimama Zongwe kupakia ndagala, niliruka chini. Jikoni kwa Mama Anastazia hakukuwa na muntu. Nikamukuta Papa Mwange akishona wavu.

"Faila yuko wapi, Papa?"

"Amerudi kwao." Akavuta uzi. "Donati alipofika kutoka kambini, pwani nzima ilikuwa ikimungoja kwa miyau. Wanaume kumi, miyau, miyau. Hakuingia hata nyumbani. Alimutia muke wake katika boti ya kwanza."

Nikakaa juu ya muchanga na nikamwambia. Yote, jani la mugomba na utando. Sijui kama nilisema kwa ujasiri ama kwa kushindwa kunyamaza.

Hakushona tena. "Kwa ajili ya munyoo?"

"Kwa ajili ya munyoo, Papa."

"Ungeniomba, ningekuchinjia mwingine. Ningekupa mbuzi." Akaangalia kama kuna muntu anayesikia. "Sasa sikia. Neno hili lisitoke. Mugeni wangu akiitwa mwizi, ni mimi niliyemukaribisha mwizi. Nitamutuma Donati amurudishe muke wake. Tutasema tumemusamehe. Itakwisha."

Nilipaswa kukataa. Lakini moyo wangu ulikuwa mwepesi hivi kwamba nilimushika magoti nikamushukuru. Kapteni akaita, nikapanda.

Kalemie na Katanika

Mama Docta alifungua bokali ya Zongwe kwanza. Akaweka munyoo chini ya lupu kubwa, akapiga kelele ya furaha.

"Papa Kalunga, kuja uone! Imekula vizuri, matumbo yote yanaonekana!"

Nikainama. Ngozi ya munyoo ule ni nyembamba, na kilichomo kinaonekana. Tumbo lake ni kama muti: tawi moja linakwenda kichwani, mawili yanashuka, moja kila upande wa bomba, na kila tawi lina vitawi vidogo mupaka pembeni mwa mwili. Vyote vilikuwa vimejaa rangi ya kahawia nyekundu. Yalikuwa maini ya jogoo wa Papa Mwange, wazi kama yamechorwa, katika kila mumoja wa wale saba.

"Hata mimi sijawahi kuipata namna hii," akasema. "Umefanya kazi ya docta."

Kesho yake nilichukua piki, nikaenda Katanika.

Nilimupata Faila baada ya kuuliza mahema mengi. Alikuwa na mama yake, wanatwanga mihogo mikavu mbele ya hema, kila mumoja na muchi wake, kinu kimoja, kwa zamu. Waliponiona hawakuacha kutwanga.

"Karibu, Papa," Faila akasema.

"Faila, ile firigisi, ni mimi niliyeichukua."

"Najua."

Muchi ukapanda, ukashuka.

"Nani alikuambia? Papa Mwange?"

"Macho yangu. Nilisahau kata ya kuchotea, nikarudi. Nikakuona unafunga kwenye jani. Nikadhani unakwenda kuila mbichi." Karibu acheke. "Nikasema, hawa watu wa Kalemie!"

Mama yake akaweka muchi chini. "Ulimuona? Na ukanyamaza? Siku zote hizi unaniambia hujui?"

"Ningesema nini, Mama? Kwamba mugeni wa baba-mukwe ni mwizi? Mimi, wa Katanika? Wangenipiga juu yake." Akanigeukia. "Nikangoja useme mwenyewe. Nilikuangalia, Papa. Nikasema, sasa atasema. Ukasema hakuna neno."

"Papa Mwange alisema Donati atakuja," nikasema.

"Alikuja. Yuzi. Alisimama pale uliposimama. Akasema, kuja, wamekusamehe. Nikamwambia arudi peke yake."

Mama yake akanieleza, kama kwamba mimi njo ningeweza kusaidia: "Ni bwana muzuri, Papa. Hakumupiga. Na hapa unaona ni namna gani, mvua ikija tunalala tumesimama. Mwambie arudi!"

"Nitarudi," Faila akasema. "Lakini sitaki kusamehewa. Nikisamehewa, kila kuku atakayechinjwa watanihesabia vipande mupaka nizeeke. Wewe utakwenda useme. Si sikioni kwa Papa Mwange. Pale walipocheka, wakiwa wote."

"Papa Mwange alinikataza."

"Basi utamukosea mara ya pili. Mimi nitakuwa na wewe."

Niliomba ruhusa kwa Mama Docta na nikamwambia sababu yote. Nikamuomba, kama anaona haki, afute Zongwe kwenye ramani, ama afute jina langu. Akasema, "Munyoo uko Zongwe, hilo ni kweli, litabaki. Jina lako sitalifuta, kwa sababu ni wewe uliyeichukua. Nenda."

Zongwe mara ya tatu

Safari ile nilitaka upepo. Niliomba saruji ichelewe, moteri izime. Boti iliondoka saa ile ile iliyotangazwa, ziwa lilikuwa kama kioo, na hakuna aliyetapika. Faila alikaa mbele na mufuko wake juu ya magoti. Mara moja tu alinipa muhogo wa kuchoma bila kuniangalia, na sikujua kama niukatae. Niliula.

Tulifika asubuhi, wakati wanawake wanatandaza ndagala juu ya muchanga. Pwani yote ilikuwapo: Mama Anastazia, muke wa jirani, wanaume wenye nyavu, Donati amesimama ndani ya maji mupaka magoti akishika kamba ya mutumbwi wake. Muntu mumoja akaanza, "Miyau..." akaniona nyuma ya Faila, akaacha.

Nilidhani nitatafuta maneno. Yalikuwa machache. Nilisema: "Firigisi ya siku ile, niliichukua mimi. Faila hakuila. Niliichukua jikoni alipokwenda kuchota maji, nikategea munyoo kwenye mawe yale pale."

Papa Mwange alifunga macho. Hilo nililiona, na nililijua kabla, na bado lilinichoma.

Nilingoja matusi. Nilingoja waniite muchawi. Mama Anastazia alipangusa mikono kwa kitenge, akaja mupaka mbele yangu. Sauti yake haikupanda.

"Nilipomuuliza, ulisikia?"

"Nilisikia, Mama."

"Niliposema neno lile la njaa, ulikuwa umekaa?"

"Nilikuwa nimekaa."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa ninakula."

Kisha akamwendea Faila, akamutua mufuko kichwani, akaubeba mwenyewe kuelekea nyumbani, bila kugeuka. Faila hakumufuata mara moja. Alimwangalia muke wa jirani, aliyekuwa ameshika ungo wa ndagala.

"Cheka basi," akamwambia.

Hakuna aliyecheka. Ndipo akapanda nyumbani. Donati akatupa kamba yake, akamufuata nyuma, akikimbia kidogo na maji yakimutiririka miguuni.

Papa Mwange alirudi kwenye wavu wake. Wanawake wakaendelea kutandaza ndagala, wakinizunguka kama wanavyolizunguka jiwe. Kivuli kilikuwepo, na kiti kilikuwepo chini ya kibanda cha nyavu, lakini hakuna aliyenikaribisha, na sikujikaribisha. Boti ilirudi saa kumi. Niliingoja nimesimama.